Dari Isiyopitisha Neno

Mtu wa Old Moshi aliyetaka kujua habari za mtaa wake alikuwa na njia mbili: kuishi pale miaka mingi kwa subira, au kupita kwa Mama Godwin akiwa na robo saa ya kupoteza. Mama Godwin, jina lake la ubatizo Aikaeli, hakuwa mmbea. Hilo alilisema mwenyewe mara nyingi, na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, hakuna aliyembishia. Mmbea hupeleka habari za watu kwa watu. Aikaeli alizipeleka kwa Mungu kwanza, kwa sauti, akiwa amepiga magoti, na kama kulikuwa na binadamu karibu wakati zinapelekwa, hayo yalikuwa kati ya binadamu huyo na masikio yake.

Alisali kila jioni saa kumi, akiwataja watu kwa majina. Na kwa kuwa majina ya Uchaggani yanajirudia, aliona si vibaya kumsaidia Mungu asikosee nyumba. "Mkumbuke Filemon, Bwana. Siyo Filemon wa dukani, yule ni mzima. Huyu wa njia ya mfereji, mwenye geti la bluu, ambaye mke wake anadhani yuko kwenye kikao cha ushirika wa kahawa." Malaika yeyote wa zamu angefika bila kuuliza njia.

Katika maombi hayo wa mwisho kutajwa alikuwa Godwin, na hapo sauti ya mama ilishuka kidogo.

Godwin ndiye mwana pekee aliyeachiwa na marehemu Eliezeri. Alikwenda Dar na cheti cha ugavi, akapata kazi kwenye ghala, ghala likafungwa, na sasa alikuwa anaendesha bodaboda Tegeta. Mama yake alijua. Mtu mwingine hakujua, wala hakutakiwa kujua. Huku mlimani Desemba si mwezi, ni mtihani, na matokeo yake hubandikwa kwenye maegesho ya kanisa: nani kaja na gari gani, nani kashusha nini, nani kamnunulia mama yake sofa. Kijana asiye na cha kushusha huona heri asije kabisa. Godwin hakuja Krismasi moja, hakuja ya pili, na kutokuja kukawa ndiyo desturi yake.

Sasa mama lazima aseme kitu. Mwaka wa kwanza alisema Godwin amebanwa, ni msimamizi wa ghala. Mwaka uliofuata hakuweza kumbana mtu yule yule kwa cheo kile kile, akampandisha. Kijana ambaye hakuwahi kuomba kupandishwa alipanda kila Krismasi: akawa meneja, akawa meneja wa kanda, na mwaka jana akawa mkurugenzi wa jambo fulani linalohusu makontena. Kwa mwendo ule, mwaka huu ilikuwa imebaki wizara.

Aikaeli angeweza kuvumilia mwanawe kuendesha bodaboda. Kazi ni kazi, na hata Bwana alipanda punda. Asichoweza kuvumilia ni Theodora kujua. Theodora, Mama Shedrack, jirani yake wa juu ya mfereji na mzee wa kanisa mwenzake, alikuwa na mwana anayekuja kila Desemba na gari jipya, kubwa kuliko la mwaka uliotangulia, na kila Desemba Theodora aliuliza kwa upole uleule: "Na mkurugenzi wetu, vipi, hata siku mbili hawampi?" Siku Theodora atakapojua, Aikaeli aliona, itabidi ahamie Tarakea mpakani, au avuke kabisa aingie Kenya.

Basi nyumba ya Aikaeli ilikuwa imejengwa kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za kule. Ukiitazama kutoka barabarani ni nyumba ya chini; ukizunguka kwa nyuma, upande wa migomba, unakuta ni ghorofa. Juu aliishi yeye. Chini, ndani ya kuta za mawe alizojenga Eliezeri, aliishi ng'ombe aitwaye Neema, pamoja na mikungu ya ndizi inayosubiri kuiva. Katikati yao kulikuwa na sakafu ya mbao juu ya boriti, na kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa jiko, Eliezeri alikuwa ametoboa tundu la kumdondoshea Neema maganda ya ndizi bila mtu kuzunguka kwenye tope. Jiko lilipohamishiwa nje, chumba kikawa cha Aikaeli cha kulala na kusali. Tundu likafunikwa kwa kifuniko cha sufuria na mkeka.

Mwaka huo usharika ulipata mwinjilisti mpya, Yohana, kijana mpole mwenye miwani na imani kwamba ndoa za watu zikipata mahali pa kuzungumza zitapona. Tatizo lilikuwa mahali. Ofisi yake ilishikana ukuta wa bati na chumba cha mazoezi ya tarumbeta, kwa hiyo mume akitaka kumwambia mke wake jambo la moyoni ilibidi asubiri wapigaji wavute pumzi. Yohana akaomba kwenye baraza la wazee apatiwe chumba tulivu.

Aikaeli akasimama. Alisema yeye ni mjane, hana kikubwa cha kumtolea Bwana, ila ana chumba cha chini. Atamjengea Neema banda kwenye migomba, apasafishe, apapake chokaa, pawe chumba cha ushauri. Wazee wakaguswa. Mmoja alitoa leso. Aikaeli mwenyewe aliguswa, kwa maana alikuwa tayari anaona kwa macho ya rohoni ndoa zote za mtaa zikipita chini ya miguu yake, moja moja, kila Jumanne na Alhamisi.

Ndipo Theodora akauliza, "Na dari?"

"Dari imefanya nini, Mama Shedrack?"

"Haijafanya kitu. Ni mbao tu. Sasa mimi nikiingia pale kumweleza mwinjilisti mambo ya ndoa yangu, si nitakuwa nakueleza wewe?"

"Ndoa yako ipi? Baba Shedrack tulimzika mwaka ule wa mvua kubwa."

"Ninatoa mfano."

Mfano ulitosha. Baraza likakata shauri kwamba chumba kipokelewe kwa shukrani, lakini dari izibwe sauti, isipite hata chafya. Aikaeli alisema amina, kama mtu anayeng'olewa jino na kuulizwa anajisikiaje.

Kazi akapewa Sifael, fundi dari, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba aliwahi kuwatengenezea vijana wa Majengo, mjini Moshi, chumba cha kurekodia muziki. Alifika na trei za mayai mgongoni, nyingi mpaka watu wa njiani wakadhani kuku wote wa Kiborloni wamestaafu. Akazigongelea darini kote. Kisha Yohana akasimama chini akasoma Zaburi, na Aikaeli juu akamsikia vizuri kuliko anavyomsikia kanisani. Trei zilikuwa zimeondoa mwangwi tu; sauti yenyewe ilipita kama zamani, ila sasa ilikuwa imechana nywele. Aikaeli alishuka akasema kazi ni nzuri, hasikii kitu, fundi alipwe aende.

Kwa bahati mbaya Theodora alikuwa juu pamoja naye, amekuja "kusaidia kusikiliza". Akarudia Zaburi nzima mbele ya Yohana, na mahali alipokohoa akapaonyesha.

Sifael akajikuna kichwa, akashinda siku nzima kwenye simu akitazama Wazungu wanavyoziba dari zao, akarudi mtu mwingine. Sasa alizungumza kama daktari. Sauti, alisema, hupita kwenye ufa, na hupita kwenye mbao inayogusa mbao; ukiziba ufa ukaacha mbao zigusane, umefunga mlango umeacha dirisha. Akaziba kila mwanya wa sakafu kwa silikoni. Akapiga mbao katikati ya boriti, akajaza juu yake mchanga mkavu, maana sauti ni mvivu, haipendi kusukuma kitu kizito. Halafu chini ya yote hayo akatengeneza fremu ya pili, iliyokaa kwenye kuta za mawe peke yake bila kuzigusa boriti hata kwa salamu, na kila inapokutana na ukuta akaweka kipande cha mpira wa tairi. Kwenye fremu hiyo akagongelea jipsamu, tabaka mbili. Alipomaliza alichukua debe na nyundo, akafunga mlango, akalipiga mpaka migomba ikatikisika.

Juu, Aikaeli hakusikia kitu. Alikaa kitandani na mikono mapajani. Miaka yote alikuwa akimsikia Neema akicheua, akimsikia panya, akisikia hata ndizi zinavyodondoka zikiiva. Sasa chini yake kulikuwa kimya kama kuna msiba, na yeye ndiye mfiwa.

Lilibaki tundu. Sifael alipanda kuuliza alizibe kwa mchanga au kwa zege. Aikaeli akapata akili palepale, kama wanavyopata wanaozama. "Liache, baba. Chumba cha mawe hakina dirisha la maana. Watu watakosa hewa, ndoa zao zife kabla hazijashauriwa."

"Mama, sauti itapita."

"Itapita kwenda wapi?"

"Itapita tu. Juu, chini."

Aikaeli akamtazama kwa huruma. Alikuwa na elimu yake kuhusu jambo hilo, aliyoipata kwa kuishi. Sauti, alimweleza, ni kama harufu, nayo hupanda. Harufu ya samadi ya Neema ilikuwa inamfikia yeye huku juu kila siku ya Mungu. Je, Neema aliwahi kusikia harufu ya pilau lake? Yeye alimsikia ng'ombe akicheua. Ng'ombe aliwahi kulalamika kwamba amesikia maombi? Kwa hiyo hakuna wa chini atakayesumbuliwa. Na yeye wa juu ndiye mwenye nyumba, tundu lina kifuniko, kifuniko kina mkeka, na mkeka una mzee wa kanisa juu yake. Kuna hatari gani?

Sifael alikuwa na kazi nyingine Kilema, na chai ya Aikaeli ilikuwa imekuja na kiburu cha ndizi na maharage. Akachukua bomba la plastiki la inchi nne, akalipitisha kutoka sakafuni hadi kwenye jipsamu, akalizungushia silikoni vizuri, akaweka wavu mweupe upande wa chini. Hakuna aliyeutilia shaka. Kila nyumba ya kisasa ina vitundu vyeupe darini ambavyo mwenye nyumba hajui ni vya nini.

Wazee walikuja kukagua. Yohana akaimba chini, wao wakajipanga sebuleni juu, hakuna aliyesikia noti. Theodora alipiga magoti na gauni lake la Jumapili, akabandika sikio sakafuni, akainuka na vumbi shavuni, akakiri. Chumbani kwa mjane hakuna aliyeingia. Adabu ni kitu kizuri.

Jumanne ya kwanza walikuja Filemon wa njia ya mfereji na mkewe Violet. Aikaeli alikunja mkeka, akaondoa kifuniko, akalala kifudifudi na sikio tunduni. Ee, raha iliyoje. Zamani alisikia maneno yamechanganyika na kwato. Sasa, kila upenyo mwingine ukiwa umezibwa kitaalamu, maneno yote yalikuwa yanapanda bombani safi, kama redio yenye betri mpya. Alisikia habari ya kikao cha ushirika. Alisikia upande wa Violet, na upande wa Filemon, na upande wa tatu ambao hakuutarajia. Ilipofika saa kumi akainuka kutoka kifudifudi hadi magotini, hapohapo alipokuwa, kwa sababu mtu akiwa na mzigo wa kuombea hatafuti kifuniko kwanza.

Chini, Filemon alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha kidole kumwelekea mkewe, darini kukasemwa, wazi kabisa, "Mkumbuke kiongozi wa besi kwenye kwaya, Bwana, anayesema pombe ya mbege anakunywa kwa ajili ya figo. Wewe ulimpa figo mbili. Kwa kipimo kile, lazima ameshaongeza nyingine nne."

Kidole kilibaki hewani. Violet alimtazama mwinjilisti. Mwinjilisti alitazama wavu.

"Na Mama Shedrack, Bwana. Wewe kule Kana uliyafanya maji yakawa divai, na yeye kila asubuhi anayafanya maji kuwa maziwa, anayapeleka kituo cha maziwa. Usimhukumu, ila mpunguzie kipimo."

Ushauri wa siku hiyo uliishia pale, kwa maana Violet alikuwa ameziba mdomo kwa kanga na Filemon alikuwa analia kwa kicheko kisicho na sauti. Walipanda njia ya mfereji wakiwa wameshikana mikono, jambo ambalo hawakulifanya tangu mtoto wao wa kwanza abatizwe, na walikesha wakizungumza. Hakuna kiunganishacho mke na mume kama dhambi ya jirani.

Ndoa ya Filemon ilipopona, habari zikaenea, na ghafla ndoa zote za mtaa zikaugua. Alhamisi palijaa. Jumanne iliyofuata watu walikuja na vigoda vyao. Walikuja wazee wa jubilei ya dhahabu ya ndoa, ambao mara ya mwisho kugombana walikuwa bado na meno. Walikuja makapera, kutafuta ushauri wa ndoa ambazo bado hawajazipata. Theodora naye akaja, mjane mwenye stahili, akamweleza Yohana kwamba yako mambo yeye na marehemu hawakuyamaliza. Na kila mtu, iwe shida yake ni ipi, alipenda miadi ya karibu na saa kumi.

Yohana, tusimwonee, siku ya kwanza alidhamiria kupanda juu kumwambia Mama Godwin. Siku ya pili alidhamiria zaidi. Wiki ya tatu mchungaji akamsifu mbele ya usharika kwa uamsho wa ndoa uliotokea mtaani kwake, na dhamira ikaomba likizo. Badala yake akaanzisha kitu alichokiita kimya cha tafakari. Kilianza saa kumi kamili.

Kwa upande wa juu, Aikaeli alikuwa na wasiwasi wa kichungaji. Watu walikuwa wanaingia wengi, halafu wanakaa kimya. Alitega sikio, akasikia pumzi tu, na mara mojamoja mtu akikohoa kwa namna ya kujizuia. Akaona dhambi zao zimekuwa nzito mno hazitamkiki. Akaongeza maombi.

Na kila siku alimalizia na yule wa mwisho. "Na Godwin wangu, Bwana. Ile pikipiki breki ya nyuma bado imegoma, na barabara za Tegeta unazijua. Ameniambia mvua ikinyesha hapati abiria, halafu anaomba isinyeshe, nami huku naomba inyeshe kwa ajili ya kahawa. Sijui unatusikiliza vipi. Mlinde. Na jambo hili lifunike, watu wasijue."

Desemba ikaingia. Sala ya nyumba kwa nyumba ikamfikia Aikaeli, sebule ikajaa, na baada ya neno watu wakaalikwa kuomba. Theodora alianza. Aliomba kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya mavuno, kwa ajili ya wasafiri wanaorudi nyumbani. Kisha akavuta pumzi.

"Na tunamleta mbele zako Godwin. Siyo mkurugenzi, Bwana. Huyu mwenye breki ya nyuma iliyogoma."

Watu wakasema amina. Hilo ndilo lililomchoma Aikaeli, amina yenyewe: ilikuja haraka mno, bila mtu kushtuka, amina ya watu waliokwisha kuzoea jambo. Alifumbua jicho moja. Wote walikuwa wamefumba, isipokuwa Yohana, aliyekuwa anatazama sakafu ya mbao kama mtu anayesubiri impasukie.

Aikaeli alilifumba tena. Angesema nini? Kulalamika kwamba Theodora amejua ni kukiri kuna cha kujua. Kuuliza amejuaje ni kuwapeleka watu chumbani wakatazame mkeka. Alisema amina naye, akaenda kumimina chai, na chai ikamwagikia kwenye sahani zote.

Walipoondoka, alizunguka nyumba kwa nyuma, akashuka ngazi za mawe, akaingia chumba cha ushauri kwa mara ya kwanza tangu kizinduliwe. Yohana alikuwa anapanga viti. Akamwamkia shikamoo, hakuitikiwa. Aikaeli aliketi kwenye kiti cha wanandoa, akainua uso kuutazama ule wavu mweupe.

"Ulianza kusikia lini?"

"Siku ya kwanza, Mama."

"Na hukusema."

"Mama, kabla ya hapo nilikuwa napata watu wawili kwa mwezi, na mmoja wao alikuwa amekosea mlango." Yohana alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Nimekosa. Nitalisema mwenyewe kwa mchungaji."

Mchungaji hakuwa shida ya Aikaeli. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Walicheka?"

"Kwenye figo walicheka. Kwenye maziwa walicheka mpaka nikawatoa wengine nje." Yohana aliweka chini kiti alichoshika. "Ukifika kwa Godwin, hapana. Mzee Filemon alikuwa anavua kofia."

"Na Mama Shedrack?"

"Kwenye maziwa alikasirika, akataka kupanda huko juu. Nikamwomba akae. Ulipofika kwa Godwin akalia, Mama. Alilia sana, nikadhani amekumbuka marehemu. Halafu akaomba miadi ya Alhamisi, saa kumi."

Aikaeli alikuwa amejiandaa kwa kicheko cha Theodora miaka mingi, ana majibu yake tayari, makali. Kwa machozi hakuwa na hata moja. Alipopanda juu alimpigia simu Sifael aje alijaze bomba mchanga. Kuanzia wiki hiyo ndoa za mtaa zilikuwa na afya njema tena, na Yohana akawa anasoma vitabu. Kisha Aikaeli akampigia mwanawe.

Godwin alianza kama kila mwaka: kazi, mvua, kichwa. Mama yake akamkatiza.

"Njoo nyumbani. Wanajua."

"Wanajua nini?"

"Mpaka breki."

Upande wa pili kukawa na honi na upepo. "Kwa hiyo," Godwin alisema baadaye, "mimi siyo mkurugenzi tena?"

"Nimekustaafisha."

Kijana akacheka, na mama yake akagundua kwamba alikuwa amesahau anavyocheka: anaanza kwa kukoroma, kama Eliezeri. Alikuja kwa basi, siku tatu kabla ya Krismasi, na mfuko wa sukari na vitenge viwili. Hakuna aliyekimbilia kutazama ameshusha nini, maana walishajua. Alimkatia Neema majani, akapanda juu ya paa kugonga bati lililolegea, na watu waliopita walimsalimu kwa jina lake tu, bila cheo, naye akaitika kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Siku ya Krismasi maegesho ya kanisa yaling'aa. Ndani, baada ya matangazo, mchungaji aliwaalika wana wa nyumbani waliotoka mbali wasimame, kama desturi, kila mmoja aseme jina lake, anakotoka, na Bwana amemweka wapi kikazi. Huu ndio wakati ambao mama wengi wa mlimani huuishi mwaka mzima. Zamu ikatembea benchi kwa benchi, ikafika kwa Godwin. Aikaeli, kwenye viti vya wazee mbele, alishika kitabu chake cha nyimbo kwa mikono miwili.

"Naitwa Godwin Eliezeri. Natokea Tegeta. Naendesha bodaboda."

Kisha Filemon akapiga makofi, wengine wakafuata, na makofi yakawa marefu kuliko aliyopata mtu wa benki aliyemtangulia. Lakini ubaya wa ukweli ni kwamba ukishasemwa unaambukiza. Aliyefuata, bwana mwenye tai, alikohoa akasema kampuni yake ilifunga tangu Pasaka, kwa sasa yupo yupo tu. Wa baada yake alisema yeye si mhandisi hasa, ni msaidizi. Mchungaji akaanza kutazama saa.

Ndipo ikawa zamu ya Shedrack.

Shedrack alisimama na funguo za gari mkononi, pembeni ya mama yake, ambaye siku hiyo alikuwa ameacha kiti chake cha wazee akae na mwanawe. Gari lenyewe lilikuwa nje, jeupe, refu, na kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na mraba wa gundi mahali stika ilipobanduliwa. Waliopita karibu waliweza bado kusoma nusu ya namba ya simu ya kampuni inayokodisha. Akafungua mdomo, akaufunga. Kanisa zima likageuka, kwa upendo wa Kikristo, lisije likakosa neno.

Theodora hakumtazama mwanawe. Alimtazama Aikaeli, moja kwa moja, kutoka benchi hadi viti vya wazee, na Aikaeli akamsoma yote usoni: magari yote yale, kila mwaka jipya, na machozi ya kule chini yalikuwa ya nani. Kama kuna jambo ambalo Aikaeli alikuwa amelingojea maisha yake yote, lilikuwa hili, na lilikuwa limekuja limepakuliwa tayari sahanini.

Theodora akaanzisha pambio. Hakuna aliyemruhusu, na alilianza juu mno, sauti ikakatika kwenye mstari wa kwanza, ikaendelea peke yake, nyembamba, inatetemeka. Hakuna aliyeipokea. Watu walitaka kusikia kazi.

Aikaeli alisimama kwenye kiti chake cha mzee wa kanisa akaidaka sauti ya pili. Aliidaka kwa nguvu zile zile alizowaombea nazo watu, kwa sauti iliyojaza kanisa mpaka mlangoni, akampungia Godwin mkono naye aimbe, akawapungia watu wa tarumbeta. Wale wakadhani limepangwa, wakainua tarumbeta zao, wakapuliza.

Shedrack akakaa. Mama yake aliendelea kuimba huku amefumba macho, na Aikaeli hakumwachia pambio mpaka mchungaji aliposimama kutoa baraka.